Kahawa ya Kukamua kwa Mkono



Mara hii sikuandikii juu ya udhu wala mirathi. Nakuandikia juu ya kahawa na juu ya ulimi wangu mwenyewe, na nakuomba univumilie, kwani mtu aliyezoea kuwapa wenziwe mawaidha huona uzito mkubwa kuyaandika makosa yake.

Hapa kwetu Mombasa, mimi na wazee wenzangu tuna baraza letu ubavuni mwa msikiti. Hukaa hapo baada ya sala ya Isha, na wengine hukaa mpaka wake zao wakawafungia milango. Muuza kahawa huja na dele lake la shaba juu ya makaa, akigonganisha vikombe mkononi ili tumsikie tangu kichochoroni. Kahawa yake imekaangwa mpaka ikawa nyeusi, imetwangwa, ikatiwa tangawizi, ikachemshwa sana. Nimeinywa tangu sijaota ndevu, na sikuwahi kudhani kwamba iko nyingine inayostahili jina hilo.

Mwanangu wa tatu ni dereva wa lori. Huchukua makontena bandarini Kilindini akayafikisha Malaba, na mara nyingine huvuka akaingia Uganda. Jioni moja mwaka 2024 alikuja barazani, akawabusu mikono wazee, akakaa chini kwenye mkeka. Akatoa mkobani kidude mfano wa tochi nene, uzito wake haufiki nusu kilo, na kinu kidogo cha mkono cha kusagia, na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Akasema, "Baba, leo kahawa nawafanyia mimi."

Akasaga buni zake pale pale. Akautia unga katika kikombe cha chujio, akaushindilia, akafunga, akatia maji, akakipindua kidude juu ya finjani, akawa anakikamua kwa kidole gumba kama mtu anayepiga pampu ya stovu. Yakatoka matone, kisha uzi mwembamba kama wa asali, na juu yake povu la rangi ya hina. Kazi yote ile ikatoa nusu finjani. Akaniletea mimi kwanza, kwa mikono miwili.

Sikuionja. Nilimwuliza bei ya kidude. Akaniambia, kwa kuwa hakuzoea kuniongopea, kwamba pamoja na kinu chake alilipa shilingi 18,000.

Nikasema kwa sauti ya kusikika na baraza zima, "Alfu kumi na nane kwa nusu finjani! Mwanangu, umekuwa tajiri au umepungukiwa na akili?" Kisha nikamsomea aya ya Suratul Aaraf inayokataza israfu, tena kwa tajwidi. Watu wakacheka, na aliyecheka zaidi ni mimi. Yeye akasema, "Sawa, Baba." Akakifuta kidude kwa leso yake, akakifunga, akaondoka. Usiku ule ule alikuwa na safari. Niliporudi nyumbani nilikikuta juu ya kabati, pamoja na kinu na mfuko wa buni. Alikuwa amekiacha.

Mama yake alinipokea na uso ambao wenye wake wanaujua. Akaniuliza, "Umemfanya nini mtoto?" Nikamweleza, nikidhani atacheka. Akakaa kitandani, akaniambia jambo ambalo mimi, baba mtu na mwalimu wa watoto wa watu, sikulijua. Mwanangu alikuwa ana miezi saba hajala miraa.

Hapa inanipasa nisimame kidogo. Miaka minane nilimwusia kijana huyu juu ya miraa. Madereva wengi hula ili wasisinzie usiku, na ni kweli miraa hukesheza. Lakini mtu akishafika hawezi kulala, meno humharibika, pesa za watoto huishia kwenye fungu la majani, na sala ya Alfajiri humpita yu macho, amekodoa tu. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamwekea khutuba nzima ya Ijumaa ambayo kila mtu msikitini alijua ni yake. Haikusaidia. Kisha akaacha mwenyewe, akatafuta kitu cha kushika mahali pake, akadunduiza miezi mitatu kununua kile kidude, ili aweze kusimama popote njiani akajifanyia kahawa yenye nguvu bila kupita kwenye vibanda ambako wenziwe wamekaa na mafungu yao. Alipokuja barazani alikuwa amekuja kunionyesha. Na kwa nini alimwambia mama yake asiniambie mimi? Nilimwuliza mama yake hivyo. Akanijibu, "Kwa sababu ungelitangaza barazani." Sikuwa na la kusema.

Tena kilichonichoma ni kwamba habari hii hii nimeisomesha. Mwanachuoni Abdulqadir Al-Jaziri, aliyeandika katika karne ya 16 kitabu juu ya uhalali wa kahawa, amenakili riwaya kwamba kule Adeni watu walikuwa wakitengeneza kinywaji chao kwa majani ya miraa, na yalipoadimika, Sheikh Muhammad bin Said Al-Dhabhani, mufti na sufi wa mji ule katika karne ya 15, akawaelekeza kwenye buni. Masufi wa Yemen waliinywa kahawa wapate kukesha katika dhikri. Walimu wetu walituhesabia kwa abjadi: qaf 100, he 5, waw 6, he 5, jumla 116, na jina tukufu Qawiyyu nalo ni qaf 100, waw 6, ye 10, jumla ni ile ile 116. Kwa hiyo wale masufi walikuwa wakisoma "Ya Qawiyyu" mara 116 pamoja na kahawa yao. Hayo nimeyaeleza darasani mara nyingi, na wanafunzi hufurahi. Mwanangu alikuwa mmoja wao. Yeye aliyashika, mimi nikabaki na hesabu.

Na ile aya ya israfu! Kofia yangu ya vito niliyovaa jioni ile inakaribia nusu ya bei ya kidude, na ninazo tatu. Sikuikumbuka kofia, wala sikuikumbuka Suratul Hujurat, inayowakataza watu kuwacheka wenzao kwa kuwa huenda wanaochekwa ni bora kuliko wanaocheka.

Usiku ule sikulala. Nilimwona njiani, gizani, macho yakimfumba, na kidude chake kiko juu ya kabati langu. Saa saba nikaondoka kitandani nikaingia jikoni. Nikasema walau nikionje nilichokidharau. Mfuko wake wa buni sikuugusa, niliona haya. Nikachukua kahawa yetu ya nyumbani ya kutwanga, nikaitia. Maji yakapita mbio kama mfereji, yakatoka meupe na machachu. Nikaitwanga tena mpaka ikawa kama unga wa ngano, nikaishindilia kwa nguvu. Mara hii hayakutoka kabisa. Nikabana, nikabana, mwisho yakaruka kwa ubavuni, yakaniunguza kidole gumba na kunichafua kanzu.

Nikampigia simu. Nakwambia kweli, msomaji, sikuanza kwa kuomba msamaha. Nilianza kwa kumwuliza buni husagwa laini kiasi gani. Akastaajabu. Akanieleza kwamba isiwe unga kabisa, iwe chini ya chumvi laini. Ikiwa kubwa maji hukimbia na kahawa huwa chachu, ikiwa unga maji hukwama na kahawa huwa chungu. Tukanyamaza. Nikamwuliza yuko wapi. Akasema Mtito Andei.

"Umekula?"

Alijua siulizii wali. Akasema, "Nimekula, Baba."

Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Nilikucheka mbele za watu, na wala sikuionja." Akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Baba, kipashe moto kwanza. Maji ya kwanza yamwage."

Alipotoka safari alinifundisha vizuri. Kumbe hii si kahawa ya kuchemsha kama yetu, ni ya kukamua, na Wataliani huiita espresso. Wenzetu wa Malindi wameijua zamani kwa wageni wao wa Kitaliani. Siri yake ni msukumo. Luigi Bezzera wa Milan aliandikisha mtambo wake mwaka 1901 ukitumia nguvu ya mvuke, lakini mvuke msukumo wake ni mdogo na huiunguza kahawa. Baadaye Achille Gaggia, wa mji huo huo, alitafuta njia ya kuuepuka mvuke, na baada ya Vita Vikuu vya Pili akatoa mitambo ya mkono wa chuma na springi inayosukuma maji ya moto kwa nguvu nyingi. Hapo ndipo lile povu lilipojulikana. Msukumo unaotakiwa hukaribia mara tisa ya huu wa hewa tunayoivuta, yaani kama uzito wa bahari kwa mtu aliyezama pima 50. Nilipoambiwa kwamba dole gumba la mzee linaweza kuleta nguvu hiyo sikuamini, mpaka nikafahamu kwamba bomba la ndani ni jembamba, na pampu ndogo hukusanya nguvu kidogo kidogo. Lile birika la Bialetti la mwaka 1933, linalowekwa jikoni na maji yakapanda juu, si jamaa yake hasa. Msukumo wake ni mchache mno.

Kipimo cha mwanangu ni buni gramu 18 kwa kahawa gramu 36 hivi, itoke kwa muda wa nusu dakika. Hupiga pampu mara chache za mwanzo ili unga ulowane, akangoja kidogo, ndipo akaendelea polepole bila kukatisha. Povu hutokana na hewa iliyofungika ndani ya buni wakati wa kukaangwa, kwa hiyo buni iliyokaa miezi haitoi kitu. Yeye hutumia ya Nyeri. Nilipoionja mara ya kwanza kama inavyostahiki niliona ukali wa ukwaju, kisha utamu ukaja nyuma, na hapana sukari ndani yake. Nikaona haya kwamba kahawa ya nchi yangu naijua ikiwa imeunguzwa tu. Hata hivyo sikuiacha ya dele, wala sitaiacha.

Lakini kosa nililifanya barazani, na msamaha wa simu haukutosha. Kwa siku nne niliahirisha. Siku ya tano nilimchukua kijana tukaenda pamoja, nikawaambia wazee, "Juzi nilimcheka huyu mbele yenu. Nilikosea mimi. Kidude hiki amekinunua kwa sababu njema kuliko sababu nilizonunulia vitu vyangu vingi, na sababu hiyo ni yake, sitaisema." Mzee mmoja aliyecheka sana siku ile akainama, akawa anatafuta kiatu chake ambacho kilikuwa mguuni. Kisha nikaanza kukamua. Tulikuwa watu tisa, na kidude hutoa finjani moja tu kwa mara moja, kusafisha na kusaga upya kila mara. Yule wa tisa alipopata yake wa kwanza alikuwa amekwisha kwenda nyumbani! Mmoja akasema ni dawa ya kifua, mwingine akauliza iko wapi tangawizi. Muuza kahawa akatutazama kwa mbali akasema, "Sheikh, hata wewe wataka kunikatia riziki?" Nikamwita, tukanunua dele zima. Naona hukumu yangu ni hii: kwa msafiri aliye peke yake kitu hiki ni neema, na kwa baraza dele halina mpinzani.

Sitakudanganya kwamba mwanangu hakurudia tena. Amerudia mara mbili ninazozijua, na zote mbili kaniambia mwenyewe. Mara zote mbili ulimi uliniwasha, nikaushika. Na kahawa si badala ya usingizi, hilo tumekubaliana. Akichoka huegesha lori, hunywa finjani yake, kisha hulala dakika 20, kwa kuwa nguvu ya kahawa huchukua kama nusu saa kumfikia mtu, ikamkuta ndiyo anaamka.

Mwezi wa Shaabani uliopita nilikuwa na maziko Voi, nikapanda naye lori. Tulifika kabla ya Alfajiri. Akaegesha pembeni, tukatawadha kwa maji ya kopo, tukasali juu ya turubai, yeye akiwa maamuma wangu. Baridi ilikuwa kali kwa sisi watu wa pwani. Akatoa mkoba, akasaga, akashindilia, akanipa mimi kidude. Mikono yangu siku hizi inatetemeka kidogo. Akaweka finjani juu ya bampa la lori, akaishika isianguke, nami nikapiga pampu.

"Polepole, Baba," akasema. "Ingoje ilowane."