Tulisubiri Mpaka Adhuhuri



Ndugu wasomaji, mwaka jana sisi jamaa tulioko Mombasa tulipigiwa simu kutoka Kericho, ambako ndugu yetu ana duka la nguo. Binti yake wa miaka 19 alikuwa akikunja mswala baada ya swala ya alfajiri alipopatwa ghafla na maumivu ya kichwa ambayo hajapata kuyaona. Akatapika, mkono wa kulia ukalegea, ulimi ukawa mzito. Majirani walisema ni upepo mbaya. Nasi tukashauri asomewe, asubiriwe. Akasubiriwa mpaka adhuhuri.

Hospitalini, picha ya skani ilionyesha damu imevuja ndani ya ubongo. Tabibu alieleza kwamba ateri na vena kwa kawaida huunganishwa na vijishipa vyembamba vinavyopunguza kasi ya damu. Kwake yeye ziliungana moja kwa moja, kama fundo la nyuzi, hata mshipa usioumbiwa nguvu hiyo ukapasuka. Mama yake aliuliza, huku akilia, alikosea nini alipokuwa mjamzito. Hakukosea lolote. Aghalabu mtu huzaliwa na fundo hilo, na ni nadra kurithiwa.

Je, maradhi haya ni mengi? Watafiti hukadiria kwamba hugunduliwa kwa mtu 1 hivi katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.7 katika Kericho na Bomet. Kwa kiwango hicho, ni kama watu 17 kila mwaka katika nchi hiyo ya chai. Wengine huishi nalo bila ya kujua. Katika kila watu 100 walio nalo, 2 hadi 4 hivi huvuja damu kwa mwaka. Lililo jingi zaidi ni puto la ateri: watu wazima 3 hivi katika 100 wanalo, na mengi hayapasuki maishani. Ama sababu kubwa ya damu kuvuja ubongoni ni presha, ambayo twaweza kuipima.

Basi kuumwa kichwa kwa kawaida kusitutie hofu. Lakini maumivu yakija ghafla kama radi, au uso ukapinda, mkono ukalegea, maneno yakakwama, tusingoje. Dua na isomwe garini, njiani kuelekea hospitali. Mtume (S.A.W.) alituhimiza tujitibu.

Alhamdulillahi, binti yu hai, ila mkono wa kulia haujarudi. Saa zile zilimpotezea nini, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Alipotutembelea, mtoto mmoja alimkemea kwa kula kwa mkono wa kushoto. Bibi akasema, "Mwenye udhuru hana lawama, mjukuu wangu." Binti akacheka. Sisi tulioshika simu asubuhi ile hatukucheka.