Magamba hadi Mtae kwa Baiskeli

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla bodaboda hazijaenea kwenye milima ya Usambara, mtu wa Lushoto aliyetaka kwenda Mtae alipanda basi au alitembea. Sisi tulikwenda kwa baiskeli. Mwenzangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Msambaa wa upande wa Mlalo, mtu mzima aliyenizidi umri kwa mbali. Baiskeli yake ilikuwa Phoenix nyeusi, nzito, isiyo na gia hata moja. Mimi nilitoka Tanga na baiskeli ya gia. Nilimwita Mwalimu, naye akaniita mwanangu, na shule zilipofungwa mwezi Juni tulipita njia ambazo magari hayakuwa na shughuli nazo.

Kipande cha Mombo hadi Lushoto sina haja ya kukirefusha. Ni kilomita 33 za lami, kutoka joto la mashamba ya mkonge hadi mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, kupitia Soni penye maporomoko. Macho yanafurahi, lakini Fuso zilizosheheni kabichi na karoti za kwenda Dar es Salaam zinashuka kona zile bila kumwachia mwenye baiskeli pa kukanyaga. Mwalimu hakuipenda kabisa barabara ile. Baiskeli tulizifunga juu ya basi, tukaziteremshia Lushoto.

Safari yenyewe ilianza Magamba, pale tulipoiacha barabara na kuingia msituni. Njia ilikuwa pana kidogo kuliko mkokoteni, imeota nyasi katikati, na juu yake mikulo na mipodo imekutanisha matawi hata saa sita mchana kukawa kama kumepambazuka tu. Milima hii inapokea upepo wa Bahari ya Hindi, na unyevu wake unaishia hapo juu. Hata kiangazi, wakati Mombo vumbi linatimka, Magamba ukungu ulitulowesha mashati. Kuvumwani ya kijani imeshika mashina, majani yaliyooza yamefunika mizizi, na tairi la mbele likigusa mzizi uliolowa, linaondoka bila kuaga. Nilijifunza kukaa kwenye tandiko nikiinama mbele, uzito ubaki gurudumu la nyuma lipate kushika ardhi, na kukanyaga polepole bila kurusha mguu.

Mwalimu hakuwa na gia za kumsaidia, na bado hakuchoka kabla yangu. Mwinuko ulipozidi alishuka, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye tandiko, akakokota huku anaongea vilevile.

"Shuka kabla pumzi haijakwisha, mwanangu," aliniambia. "Ukishuka baada, utasimama."

Alikuwa sahihi. Walionizidi nguvu nimewaona wakilala kando ya njia ile kwa sababu hawakutaka kushuka.

Katika sehemu hizo njia si kazi ya wanavijiji peke yao. Wajerumani walivuna miti ya mwangati huko Shume, wakajenga njia ya waya ya kuteremshia mbao hadi Mkumbara, kwenye reli ya Tanga ambayo ilikuwa imefika Mombo mwaka 1905. Njia zilizotengenezwa kwa ajili ya magogo zina mwinuko wa kiasi, na baiskeli inaweza kuzistahimili. Taabu inaanza msitu ukiisha, unapoingia kwenye mabonde ya watu.

Huko njia zinaporomoka. Hazizunguki mlima wala hazitafuti ubavu uliolala. Zinatoka mlangoni kwa mtu zikishuka moja kwa moja hadi shambani kwake, kisha zinapanda ng'ambo vilevile. Nilipomuuliza Mwalimu sababu, alisimama, akanionyesha kwa kidole. Wasambaa wa zamani walijenga miji yao kwenye kingo za milima: Vuga, Mlalo, Mtae. Aliyekaa ukingoni alilima migomba juu kwenye mvua, na alilima pia chini nyikani. Ukame ukiharibu shamba moja, lingine linamlisha. Njia, basi, ni za mtu mwenye jembe begani na mzigo kichwani, anayetaka kufika kabla jua halijawa kali. Tangu siku ile nilikoma kuzilaumu. Nilizikanyaga kwa heshima, nikijua kwamba miguu iliyozichonga ilikuwa na kazi kubwa kuliko yangu.

Tulipita pia kwenye matuta ya kuzuia mmomonyoko. Wazee walikuwa bado wanayasimulia yale ya miaka ya 1950, Waingereza walipowalazimisha watu kuchimba, watu wakagoma, hata mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Mzee mmoja aliyekuwa akipalilia maharage alisema udongo ni wake na hakuhitaji kuamrishwa kuupenda. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali, akamwamkia tena, tukaondoka.

Kushuka kulitutesa kuliko kupanda. Phoenix ina breki za vyuma vinavyovuta raba kwenye ringi, na kwenye mteremko mrefu wa udongo mwekundu raba zile zinaliwa kama sabuni. Mwalimu aliusaidia mkono kwa mguu: alivaa katambuga, akabana soli kwenye tairi la nyuma, na mpira ukasagana na mpira hadi tukasikia harufu. Mimi nilibonyeza na kuachia, nikabonyeza na kuachia, ringi zipate kupoa. Vidole viliuma hata usiku nikashindwa kushika kikombe sawasawa. Penye mawe yaliyolegea tulishuka tukakokota, maana chini yetu kulikuwa na paa za nyumba.

Lakini yote hayo yalilipwa na kimya. Njia isiyo na gari inakupa masikio. Alfajiri tulisikia mbega wakinguruma bonde hadi bonde, na hondohondo wakipita juu na mabawa yao yenye kishindo. Tulisikia mto kabla ya kuuona, tukajua pa kujazia maji. Siku moja tulisimama kumngoja kinyonga mwenye pembe mbili avuke njia, mguu mmoja hewani akipima, na hatukuwa na wasiwasi kwamba kuna kitu kitatokea nyuma yetu.

Tena ulikuwa na nafasi ya kuwaamkia watu. Ndani ya gari unapunga mkono, umekwenda. Kwa baiskeli inayopanda unafika mbele ya mtu kwa mwendo wa mtu. Kina mama waliobeba viazi walituuliza tunatoka wapi, tunakwenda wapi, nyumbani hawajambo, na kwa nini tunajitesa. Mwalimu aliwajibu kwa Kisambaa, wakacheka, kisha wakatuambia daraja gani limevunjika na tupite wapi. Karibu na Lukozi tulikula viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa, na mwenye kibanda alitukatalia kuondoka hadi tumalize sufuria. Rangwi tulilala kwa masista wa Kikatoliki, chini ya mablanketi mazito, kwa baridi ambayo mtu wa Tanga haiamini mpaka imguse.

Mtae tulifika jioni, kwa miguu iliyokuwa inatetemeka. Mji umekaa kwenye ulimi wa mwamba, pande mbili ni hewa tupu. Chini mamia ya mita kuna tambarare ya Mkomazi, mbele yake milima ya Upare, na asubuhi ikiwa safi Kilimanjaro inaonekana. Mwalimu hakutazama mbali. Aliitazama njia tuliyotoka, akaanza kunihesabia kwa majina vijiji tulivyopita, na wanafunzi aliowahi kuwafundisha katika kila kimoja.

Leo bodaboda zinafika kila kijiji, na siwezi kusema ni vibaya: mama mjamzito wa Sunga hana budi kufika hospitali. Barabara ziwepo, zichongwe, ziwekwe lami. Ninachotetea ni zile njia nyembamba za msituni, ambazo hazimfikishi mgonjwa popote wala haziuzi kabichi. Magamba sasa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, na naamini pikipiki hazina kazi ndani yake. Wanaopanga matumizi ya msitu ule waziache njia hizo kwa miguu na baiskeli, na vijana wa vijijini wanaowaongoza wageni walipwe vizuri, kwa sababu wao ndio wanaozijua.

Wewe unayetaka kwenda, nenda kati ya Juni na Septemba, masika yakishaisha na udongo ukishashika. Lipia kibali cha hifadhi, chukua mwongozaji wa hapohapo, beba sweta, na raba za breki za kubadilisha usizisahau. Na mwinuko ukizidi, shuka mapema.