Sheria za Mchezo si Msahafu

Mdogo wangu aliyeko Tanga ameniudhi. Nilimtumia kipande cha video cha besiboli: mpigaji anajigonga kofia kukata rufaa, mchoro unatokea kwenye skrini kubwa, na uwanja mzima unaona kwamba mpira ulipita nje ya eneo halali kwa upana wa kucha. Mwamuzi akabadili uamuzi palepale na mchezo ukaendelea. Mimi niliona raha. Yeye akanijibu kwa sauti: "Dada, mchezo gani huo sheria zinabadilishwa kila mwaka? Huo ni mchezo au bajeti ya serikali?"

Namjibu hapa hadharani, maana hayuko peke yake. Watanzania wenzangu wa hapa Houston, tukikutana misibani na harusini, wananishangaa kushabikia mchezo wa watu waliosimama. Na wazee wa Kimarekani ninaokaa nao jirani uwanjani, wale wanaoandika kila tukio kwa penseli, wana lawama ileile ya mdogo wangu: mchezo wa babu zao umechezewa.

Mchezo wa babu zao haukuwahi kutulia. Mwaka 1893 mrushaji alisogezwa nyuma hadi futi 60 na inchi 6, karibu mita 18 na nusu, kwa sababu wapigaji walikuwa wanazidiwa. Mwaka 1968 warushaji walitamba mno. Bob Gibson wa St. Louis alimaliza msimu akiruhusu wastani wa pointi 1.12 kwa kila raundi tisa, na Carl Yastrzemski akawa bingwa wa kupiga wa ligi ya American kwa wastani wa .301, mdogo kuliko wa bingwa yeyote. Msimu uliofuata, kichuguu anachosimama mrushaji kikashushwa kutoka inchi 15 hadi 10. Kila wajanja walipopata mwanya, mchezo uliegemea upande mmoja, na sheria ikaja kuunyoosha. Sisi tuliocheza rede tunalijua hili. Akitokea mmoja amegundua namna ya kutopigwa na mpira jioni nzima, kesho yake kabla ya kuanza mnakubaliana upya. Hakuna aliyelia kwamba rede imekufa.

Wajanja wa zamu hii walikuja na kompyuta. Tangu timu ya Oakland ya mwaka 2002 ishinde mechi 103 kwa mishahara ya timu maskini, kila klabu imeajiri watu wa hesabu. Walijua kila mpigaji hupeleka mpira wapi, wakahamishia walinzi huko. Walijua mrushaji aliyepumzika sekunde chache zaidi hurusha kwa nguvu zaidi, basi warushaji wakawa wanazunguka kichuguu kama wanatafuta pete iliyopotea. Walijua kuiba kituo, yaani kukimbilia kituo kinachofuata wakati mpira haujapigwa, hakulipi kama hesabu haikai sawa, basi wakimbiaji wakaambiwa watulie. Mwaka 2021 mechi ya raundi tisa ilichukua wastani wa saa 3 na dakika 10, na sehemu kubwa ya muda huo mpira ulikuwa mkononi mwa mtu. Nilikuwa nikitoka kazini naingia uwanjani raundi ya tatu, na mara nyingi niliondoka kabla ya mwisho, kwa kuwa zamu ya alfajiri haimsubiri mtu.

Mwaka 2023 ligi kuu ikaweka saa. Mrushaji ana sekunde 15 kama vituo ni vitupu. Akiwepo mkimbiaji zilikuwa 20, na mwaka uliofuata zikapunguzwa hadi 18. Mpigaji naye lazima awe tayari zikibaki 8. Achelewaye anaadhibiwa, awe nyota au mgeni. Mrushaji akaruhusiwa kukatiza mara mbili tu kwa kila mpigaji ili kumchunga mkimbiaji. Akijaribu ya tatu bila kumtoa, mkimbiaji anasogea bure. Vituo vyenyewe vikapanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18. Msimu huohuo wastani wa mechi ukashuka hadi saa 2 na dakika 40, na vituo vilivyoibwa vikapanda kutoka 2,486 hadi 3,503. Ronald Acuña Jr. wa Atlanta aliupeleka mpira jukwaani mara 41 na kuiba vituo 73, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya kwa pamoja. Watu waliosimama walianza kukimbia! Sasa nakaa hadi mpira wa mwisho, na nyumbani nafika mapema.

Hapo ndipo mdogo wangu, mtu wa Coastal Union tangu utoto, anapaswa kunyamaza kidogo. Anaujua uwanja wa Mkwakwani kuliko mimi. Timu ikiongoza bao moja, dakika ya 70 kipa analala, daktari anaingia na maji, kipa anainuka, baada ya mpira mmoja analala tena. Tumelizoea, tunaliita uzoefu wa kipa. Sheria ya kipa kutoshika mpira zaidi ya sekunde 6 ilikuwepo miaka na miaka na hakuna aliyethubutu kuitekeleza, mpaka mwaka 2025 watunga sheria wa soka duniani walipoibadilisha kuwa sekunde 8 na adhabu ya kona. Na Machi 8 mwaka huohuo, kanuni ya mgeni kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi ilipoleta mgogoro, mechi ya Simba na Yanga haikuchezwa hadi Juni 25. Kwa wiki nyingi nilisikiliza mjadala huo kwenye simu, na karibu kila aliyesema alikuwa anauliza kanuni inambeba nani. Waliouliza kama imeandikwa vizuri niliwahesabu kwa vidole.

Huku kwenye besiboli nako si kila badiliko ninalipokea. Tangu 2023 walinzi wanne wa ndani lazima wawe wawili kila upande wa kituo cha pili, miguu isivuke mpaka wa nje wa uwanja wa ndani. Wengi wameshangilia, mimi nasita. Mwaka 1946 Lou Boudreau wa Cleveland aliwahamishia karibu watu wake wote upande wa kulia ili kumzuia Ted Williams, na upande wa kushoto ukabaki wazi kama shamba baada ya mavuno. Mpigaji mwenye akili angepeleka mpira huko. Wapigaji wa sasa waliachiwa shamba hilohilo miaka kadhaa na hawakutaka kujifunza, kwa sababu wanalipwa kwa kupiga kwa nguvu kwenda mbali. Sheria ikawaokoa. Saa iliondoa muda ambao hakuna aliyekuwa anacheza. Katazo hili limeondoa fumbo ambalo mchezaji angeweza kulifumbua mwenyewe.

Na yule mkimbiaji wa bure sitamkubali kamwe. Tangu 2020 timu zikifungana baada ya raundi tisa, kila raundi ya ziada inaanza na mtu amewekwa kituo cha pili bila kupiga, bila kukimbia, bila kuiba. Ilianza kwa sababu ya korona, mwaka 2023 ikafanywa ya kudumu, ingawa kwenye mechi za mtoano hawaitumii. Wangekuwa wanaiamini wangeipeleka hadi fainali. Rob Manfred, kamishna wa ligi, aliwahi hata kutaja wazo la kuiruhusu timu mara moja kwenye mechi imlete nyota wake apige hata kama si zamu yake. Uzuri wa mchezo huu ni kwamba saa ya dhiki inaweza kumwangukia mchezaji wa mwisho kwenye orodha, asiyejulikana na mtu, na ni lazima asimame yeye. Wakimwondolea hiyo, mimi nitakaa nyumbani.

Rufaa iliyonikosanisha na mdogo wangu, iliyoanza ligi kuu msimu wa 2026, naitetea bila kusita. Eneo halali linapimwa kwa kimo cha mpigaji, kuanzia asilimia 27 hadi 53.5, kwa hiyo mfupi na mrefu kila mmoja ana lake. Timu ina rufaa mbili, na ukishinda unabaki nayo. Anayeweza kuiomba ni mpigaji, mrushaji au mdakaji tu, papo hapo, bila kuambiwa na kocha wala mtu wa kompyuta. Mwamuzi wa nyama na damu amebaki kazini. Miaka hii yote watu wa hesabu wamekuwa wakiwatoa wachezaji kwenye maamuzi, na hii ni sheria inayowarudishia. Kuitumia vizuri ni akili ya mchezo: unaitunza hadi raundi ya nane, au unaimaliza mapema kwa hasira?

Namkumbuka Blake Snell wa Tampa Bay kwenye mechi ya sita ya fainali ya 2020. Alikuwa amewatoa tisa kwa straiki tatu, ameruhusu mipigo miwili tu, amerusha mipira 73. Kocha Kevin Cash akapanda kichuguuni akamtoa, kwa sababu hesabu ilisema mpigaji akimwona mrushaji mara ya tatu anakuwa amemsoma. Wapinzani wao, Dodgers, wakafunga mbili raundi hiyohiyo na kuchukua ubingwa. Kwa wastani wa maelfu ya mechi, labda hesabu ilikuwa sahihi. Lakini usiku ule kichuguuni alisimama mtu mmoja, mkono wake uko moto, na hakuna aliyemuuliza.

Mkono huo ndio unaoniuma kuliko sheria zote. Hesabu zikikuambia mrushaji atacheza raundi tano tu, unamwambia arushe kila mpira kwa nguvu zake zote. Kasi ya wastani ya mpira wa moja kwa moja ilikuwa kama kilomita 147 kwa saa mwaka 2008. Mwaka 2024 ilikuwa karibu 152. Kano ya kiwiko haikuumbwa kwa hilo. Inakatika, daktari anachukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili na kuipandikiza, upasuaji ambao Frank Jobe alimfanyia Tommy John mwaka 1974, na mchezaji anapotea mwaka mzima au zaidi. Shohei Ohtani amefanyiwa upasuaji wa kiwiko mara mbili. Ligi yenyewe ilitoa ripoti Desemba 2024 ikikiri kwamba kukimbizana na kasi ndiko kunakovunja mikono.

Ohtani ana mamilioni ya kumsubiri. Mimi nawafikiria vijana wa Uganda. Mwaka 2011 watoto wa huko walifuzu kuja Williamsport, kwenye fainali za dunia za watoto, wakanyimwa visa. Mwaka uliofuata wale wa Lugazi wakafika, timu ya kwanza kutoka Afrika. Mwaka 2022 Dodgers wakawasajili Ben Serunkuma na Umar Male, wote warushaji, na baadaye Pittsburgh wakamchukua David Matoma, mrushaji pia. Nilifurahi kama nimezaliwa nao nyumba moja. Halafu nikajiuliza kwa nini wanatafutiwa kurusha, na jibu si gumu: mkono wenye kasi kutoka mbali hununuliwa kwa bei ndogo, na ukikatika kuna mwingine nyuma yake. Watoto wa Jamhuri ya Dominika wameyaona haya muda mrefu, wanasajiliwa na umri wa miaka 16, na wengi wao hawaifikii ligi kuu.

Kwa hiyo mdogo wangu akinilaumu kwamba sheria hubadilika mno, mimi nadai ibadilike moja zaidi. Timu ina wachezaji 26, na tangu 2022 warushaji hawaruhusiwi kuzidi 13. Washushe hadi 11. Kocha akiwa na mikono michache ya kubadilisha, itabidi amthamini mrushaji anayefika raundi ya saba, na anayefika raundi ya saba hawezi kurusha kila mpira kana kwamba ni wa mwisho. Watakaosema mikono itachoka zaidi wana hoja, ndiyo maana wapunguze mmoja mmoja, msimu hadi msimu, na madaktari waitazame hesabu pamoja na makocha. Pamoja na hilo waichukue sheria iliyojaribiwa mwaka 2021 kwenye ligi ndogo ya Atlantic: ukimtoa mrushaji wako wa kwanza, unampoteza na yule anayepiga badala yake. Cash angefikiri mara mbili kabla ya kupanda kichuguuni, na skauti anayekwenda Lugazi angetafuta kijana anayejua kurusha, si anayerusha kwa nguvu tu.