Nukta moja iliyokula salio la mjomba

Leo nina kisa cha seva ya simu niliyoiweka hapa Eldoret, mji ulioanzia kwenye shamba nambari 64 na ambao wengi wetu bado tunauita Sikisti Foo. Kisa chenyewe kina aibu kidogo, lakini afadhali mnicheke mimi kuliko mrudie kosa langu.

Mjomba wangu ana duka la pembejeo mjini na matawi mawili, moja Turbo na jingine Iten. Kutwa ni simu: mbolea imefika? Dawa ya kuogesha ng'ombe imebaki chupa ngapi? Wafanyakazi walitumia salio lao, kisha mwisho wa mwezi walidai kurudishiwa, na mwisho wa mwezi haukosi ugomvi. Maduka yote matatu yalikuwa na intaneti tayari. Nikamwambia, "Mjomba, nikuwekee swichibodi yako mwenyewe, mpigiane bure." Akasema, "Haya, jaribu."

Programu yenyewe ni Asterisk. Ilianzishwa mwaka 1999 na Mark Spencer, mwanafunzi wa Marekani aliyekuwa na kampuni ndogo ya kusaidia watumiaji wa Linux. Alihitaji swichibodi, bei ikamshinda, akaandika yake na kuitoa iwe programu huria. Mtu aliyeshindwa na bei! Hapo nikajua programu hii ni ya watu kama sisi.

Nilichukua kompyuta kuukuu ya ofisini, nikaiwekea Debian 12. Tahadhari: toleo hilo, lililotoka mwaka 2023, halina kifurushi cha Asterisk, kwa hiyo nilipakua msimbo na kuukompaili mwenyewe. Kisha kuna faili mbili za kuhariri. Katika pjsip.conf unaandika kila simu na neno lake la siri. Katika extensions.conf unaandika nambari fulani ikipigwa iende wapi. Wafanyakazi waliweka programu ya bure kwenye simu zao za Android, na jioni hiyo hiyo simu zikalia.

Je, inakula intaneti kiasi gani? Sauti ya kawaida ya simu, G.711, hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 8. Zidisha upate kilobiti 64 kwa sekunde. Sikisti Foo tena! Ila sauti hiyo husafiri katika paketi 50 kila sekunde, na kila paketi ina bahasha ya baiti 40, kwa hiyo simu moja hufikia kilobiti 80 kila upande. Siku hizi hiyo si kitu. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009 tulitegemea setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu yetu. Unauliza swali, na karibu nusu sekunde inapita kabla jibu kurudi.

Shida ya kwanza: Iten walipopiga, simu ililia vizuri, lakini mjomba hakusikia neno. Maanake ni kwamba SIP hupeleka mlio na maagizo tu. Sauti hupita njia yake. Seva yangu ilikuwa ikiwaambia Iten watume sauti kwenye anwani ya ndani ya duka, anwani ambayo huko nje haijulikani. Nikaandika anwani ya nje ya ruta kwenye mipangilio, nikafungua milango ya sauti, na ule wa maagizo pia, nambari 5060. Wakasikizana. Mjomba alicheka kama mtoto. Lakini kumbukeni mlango huo.

Akataka pia kuwapigia wateja. Nikakodi laini ya intaneti ya malipo ya kabla, tukaijaza shilingi 6,000, nikaandika kanuni: _0. yaani sifuri na nukta. Katika Asterisk nukta ina maana "chochote kinachofuata". Nambari zetu zote huanza na sifuri, nikaona nimemaliza kazi.

Jumatatu asubuhi mjomba akanipigia kwa simu yake ya mkononi. "Mpwa wangu, hiyo mashine yako huwa inaongea na nani usiku?" Salio lilikuwa sifuri.

Nikafungua kumbukumbu za seva. Kuanzia saa nane usiku kulikuwa na mamia ya majaribio ya kubahatisha maneno ya siri. Ekstensheni 103 ilikuwa na neno la siri 103. Ndiyo, ni mimi niliyeliweka, "kwa muda tu". Wakaingia, wakapiga nambari za ng'ambo zenye gharama kubwa, zile ambazo mwenye nambari hugawiwa sehemu ya malipo. Na nambari za ng'ambo tunazianza na nini hapa Kenya? 000. Sifuri, na chochote kinachofuata.

Sikuwa na wa kumlaumu. Nililipa zile 6,000 kutoka mfukoni mwangu, kisha nikakaa chini kurekebisha. Nukta niliifuta, nikaandika _07XXXXXXXX na _01XXXXXXXX. Kila X ni tarakimu moja tu, kwa hiyo 000 haina pa kupita. Maneno ya siri sasa ni marefu na ya kubahatisha hayawezekani. Kwenye ruta nilifunga 5060 na milango ya sauti, na matawi yanaingia kupitia WireGuard, njia ya siri iliyomo ndani ya Linux yenyewe tangu mwaka 2020. Kwa njia hiyo simu zote zinaonana kama ziko nyumba moja, hata ile shida ya sauti haikurudi. Na laini ya nje tunaijaza shilingi 500 kwa wakati mmoja.

Kuifundisha mashine kupiga simu kulinichukua jioni moja. Kuifundisha kukataa kulinichukua wiki, na hilo ndilo nilipaswa kuanza nalo. Kama unayo Asterisk yako, kabla hujalala leo andika dialplan show, kisha tafuta nukta.

Mjomba hakuing'oa mashine. Ila kila Jumatatu huniuliza, "Usiku ililala?"