Mmefungwa ngapi leo?

Najua nimepotea. Baridi ya huku haimruhusu mtu kuandika, inamruhusu kujifunika mablanketi mawili na kuilaani siku aliyojaza fomu ya ufadhili. Ila leo kuna jambo linanikereketa, na nisipolitoa sitasoma kitu.

Shosti wangu mmoja wa pale Mlimani (anajijua) alinipigia juzi, tukapiga soga mpaka bando likamwishia. Kabla halijakata akaniuliza: "Hivi wewe, msimu mzima wa 2025 picha zako zote uko uwanjani na skafu shingoni, na kila nikikuuliza mmefungwa. Unafuata nini kule?" Nikacheka, nikampa jibu la ovyo. Usiku jibu lile likaninyima usingizi. Kwa hiyo shosti, hili ndilo jibu lako, na wengine mtanisamehe kama ni refu.

Kwanza tuelewane. Chuo chetu ni cha kati tu, hapa jimbo la Ohio, na jina nalihifadhi kwa sababu timu yenyewe imeshatukanwa vya kutosha. Na mpira ninaousema si huu wetu. Ni ule wa Kimarekani, wa makofia ya chuma usoni na mabega kama milango. Mwaka wangu wa kwanza niliuona ni vurugu tu: wanajipanga, wanagongana, refa anapuliza, wote wanasimama kujadiliana kama wako kwenye kikao cha harusi.

Nilifika uwanjani kwa njaa, si kwa mapenzi. Sisi wenye viza ya mwanafunzi tunaruhusiwa kufanya kazi humu chuoni, saa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea. Nami nikapata kazi ya kuuza kakao ya moto kwenye kibanda cha chini ya jukwaa. Nyie mnaita kubeba boksi, sawa, mimi nilibeba kakao. Ikifika robo ya tatu ya mchezo wateja wanakwisha, kwa sababu timu yetu inakuwa imeshapigwa vibaya na watu wameshaenda zao. Bosi ananiambia funga, panda juu ukaangalie kama unataka.

Siku ya kwanza nikapanda. Jukwaa lilikuwa tupu kama darasa la Ijumaa jioni. Nikakaa karibu na bibi mmoja mstaafu, zamani alikuwa mwalimu wa hisabati, ana thermosi yake na blanketi ya rangi za timu. Tulikuwa tumeshafungwa 35 kwa 0. Ghafla bibi akasimama, akapiga makofi, akapuliza kidude chake kama vuvuzela. Na wale wachache waliobaki nao wakasimama. Nikaangalia ubao: bado 35 kwa 0. Nikamuuliza, kuna nini? Akanijibu, tumepata yadi kumi.

Hapo ndipo nilipofundishwa mpira huu. Timu ikiwa na mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Yadi kumi ni kama mita tisa hivi, toka mlango wa bweni mpaka bombani. Ukizipata, unapewa mengine manne. Usipozipata, unamwachia mwenzio mpira. Basi. Kuvuka mstari wa mwisho ni pointi 6, lakini huwezi kufika huko bila kupita kwenye hizo kumi kumi. Shabiki wa timu kubwa anahesabu pointi. Shabiki wa timu kama yetu anahesabu yadi.

Msimu wa 2025 tulicheza mechi 12. Tulishinda moja. Zote nilikuwepo za hapa nyumbani.

Sasa, usidhani nilikuwa mgeni wa mambo haya. Mimi mtoto wa Tanga, na baba yangu ni Coastal Union damu. Coastal walichukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, mara moja tu, na baba ameuhadithia ubingwa ule mpaka mimi niliyezaliwa miaka mingi baadaye nauona kama nilikuwepo. Mkwakwani nilianza kupelekwa nikiwa natembea kwa kushikwa mkono. Halafu ukaja mwaka 2016. Wanaokumbuka wanakumbuka: timu zote tatu za Tanga, Coastal, African Sports na Mgambo JKT, zilishuka daraja msimu mmoja. Mkoa mzima tukabaki hatuna timu ligi kuu! Nilikuwa darasa la tano. Nikadhani baba atalitupa lile jezi lake jekundu. Hakulitupa. Akawa analivaa kwenda kuangalia daraja la kwanza. Coastal walirudi ligi kuu 2018 na jezi lilikuwa limeshatoboka kwapani.

Ndiyo maana baba yangu ndiye mtu pekee aliyeelewa bila kuelezwa. Kila Jumapili akinipigia, haulizi kama tumeshinda. Anauliza: "Enhe, mmefungwa ngapi leo?" Nikimwambia 42 kwa 10 anasema, "Kumi si haba."

Lakini shosti, hujaniuliza la muhimu. Muhula ule nilikuwa nafungwa na mimi.

Hamkujua kwa sababu sikusema. Ile organiki ilinipiga. Jaribio la kwanza nilipata 31. La pili 38. Ufadhili wangu unataka C kwenda juu kwenye kila somo la sayansi, na nilipopiga hesabu nilihitaji 72 kwenye mtihani wa mwisho. Mtu mwenye 38! Kuliacha somo nalo haliwezekani hivi hivi, kwa sababu ukishuka chini ya vipimo 12 kwa muhula, viza yenyewe inaingia mashakani. Yaani kule nyumbani mtu anaogopa sap, mimi nilikuwa naiona disko inakuja na tiketi ya ndege mkononi. Nilishaanza kutunga maneno ya kumwambia baba. Nilikuwa nayafanyia mazoezi kwenye bafu.

Mechi ya mwisho ya hapa nyumbani ilikuwa Novemba, theluji nyepesi inadondoka. Sikuwa na hamu. Nilienda kwa sababu ya zamu ya kakao, nikapanda juu kwa sababu ya blanketi ya bibi. Robo ya nne, tumefungwa 41 kwa 3. Nikahesabu safu yetu: watu sita, na mmoja amelala.

Nikamuuliza bibi swali lako lile lile. Kwa nini unakuja? Amesoma hapa hapa na amekuwa akija tangu ujana. Nilitegemea aniambie mambo ya "siku moja na sisi tutashinda". Hakusema hivyo. Mwalimu wa hisabati yule, akanipa mifano.

Akaniambia Columbia, chuo kikubwa cha New York, kilifungwa mechi 44 mfululizo, toka 1983 mpaka walipowafunga Princeton Oktoba 1988. Kisha akanitaka nifanye hesabu. Mwanafunzi aliyeingia pale vuli ya 1984 akahitimu 1988, ameona ushindi wa timu yake mara ngapi? Nikahesabu kwa vidole vilivyoganda. Sifuri. Kaingia, kasoma, katoka, hajaona hata mmoja. Prairie View kule Texas ilikuwa mbaya zaidi, mechi 80, toka 1989 mpaka 1998. Northwestern walifungwa 34 mfululizo, na siku walipoukata mkosi Septemba 1982 wanafunzi waling'oa milingoti ya goli wakaenda kuitupa Ziwa Michigan. Timu hiyo hiyo ikaja kuwa bingwa wa kanda yake msimu wa 1995 na kucheza Rose Bowl, Januari 1996. Sasa wale waliotupa milingoti walikuwa wapi? Walishamaliza chuo zamani, wana watoto.

Akanywa kahawa yake. Akasema mwanafunzi ana miaka minne tu, na timu mbovu huchukua zaidi ya hapo kupona. Kwa hiyo mwanafunzi anayekuja kuangalia timu mbovu hawezi kuwa anasubiri malipo. Anachokipata ni cha leo, au hakipo.

Nilinyamaza. Na wakati huo huo kule chini tulikuwa tumebakiwa na jaribio la nne, yadi moja tu kutimiza kumi. Saa imebaki dakika nne, pengo pointi 38. Kwa akili za kawaida haina maana yoyote, piga mpira mbali watu wakaoge. Kocha akakataa. Wale vijana wakajipanga tena, na kuna mmoja mnene wa mbele ambaye namfahamu, tunakaa naye maabara, naye organiki inampiga vile vile. Wakagongana. Lundo la watu. Refa akaingia kufukua kama anatafuta pete. Wakaleta mnyororo wa kupimia.

Tumepata!

Wadau, watu sita tulipiga kelele. Yule aliyelala akaamka akapiga kelele kabla hajajua kuna nini. Mechi ikaisha 41 kwa 10, tumefungwa, na yule kijana mnene akatoka uwanjani anatembea kama mtu aliyelipwa mshahara.

Usiku ule nilifungua daftari. Sikujiambia nitapata 72, kwa sababu nisingejiamini. Nilijiambia maswali kumi. Yakiisha, mengine kumi. Siku nyingine nilikuwa napata manne tu, namwachia mwenzangu mpira, nalala.

Halafu ikaja Januari. Bila shaka mlisikia habari za Indiana, majirani zetu. Chuo kilichokuwa kimefungwa mechi zaidi ya 700 katika historia yake, kilichomaliza 2023 na ushindi mara tatu tu, tarehe 19 Januari 2026 kikawafunga Miami 27 kwa 21 na kuwa bingwa wa nchi bila kupoteza mechi hata moja msimu mzima. Kocha wao Curt Cignetti alikuwa na misimu miwili tu pale. Kha! Hapa bwenini watu walichanganyikiwa. Kila mtu anasema, umeona? Mwakani ni sisi!

Nimefurahi na mimi, sikatai. Ila huo "mwakani ni sisi" naogopa kuushika. Indiana walipata kocha wa maana, wakasajili vizuri, wakawekeza fedha. Hawakubebwa na skafu za watu. Matumaini yetu hayamkabi mtu uwanjani, na ukiyafanya ahadi utaichukia timu yako ifikapo Oktoba. Na ukikaa unapiga makofi tu bila kuuliza kwa nini tunafungwa, huo nao ni usingizi. Bibi anapiga makofi, na bado kila mwezi anamwandikia mkuu wa michezo barua kali yenye majedwali.

Kwa hiyo shosti, nafuata nini kule? Nafuata yadi kumi. Nafuata watu sita wanaojua thamani yake. Mwakani nitakuwa mwaka wa mwisho, na inawezekana kabisa nikahitimu nimeona ushindi mara chache kuliko vidole vya mkono mmoja. Nimeshaweka skafu juu ya kabati.

Matokeo ya organiki yalitoka kabla ya Krismasi. Jumapili ile baba akapiga, mpira umeshakwisha msimu, hana cha kuuliza. Nikamweleza yote, 31, 38, bafuni na kila kitu. Akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema:

"Enhe. Na hiyo kemia imekufunga ngapi?"

"C, baba. Tumetoka sare."

"Sare ya ugenini," akasema, "si haba."

Haya wadau, nawaacha. Nina maswali kumi yananisubiri. Tuombeane.