Nauli ya Angani Ilipowafikia Watu wa Mpakani

Ukifika Tunduma, mji ulio mpakani mwa Tanzania na Zambia, jambo la kwanza utakaloliona ni malori. Yamepangana barabarani, mengine yamebeba shaba ya Zambia na Kongo kuipeleka bandarini Dar es Salaam, mengine yakirudi na mafuta. Hapo pia hupita reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Kwa miaka mingi, barabara na reli hiyo ndizo zilizokuwa njia za mwananchi wa huku, safari ya zaidi ya kilomita 900 hadi Dar es Salaam. Kwa basi, ni mchana kutwa na pengine usiku juu yake. Ndege ilihesabiwa kuwa chombo cha wakubwa.

Mambo yalianza kubadilika Desemba 2012, ulipofunguliwa uwanja wa ndege wa Songwe. Jina hilo lisikupoteze: uwanja umo katika Mkoa wa Mbeya, ng'ambo ya Mbalizi, ilhali Mkoa wa Songwe, wenye makao yake Vwawa, ulizaliwa mwaka 2016. Atokaye Tunduma huifuata barabara kuu, akapita Vwawa na Mlowo, katikati ya mashamba ya kahawa ya Mbozi, ndipo aufikie uwanja.

Mwishoni mwa Novemba 2012, kampuni ya Fastjet ilikuwa imeanza safari za Mwanza na Kilimanjaro kutoka Dar es Salaam, ikirithi shughuli za Fly540. Mwaka uliofuata ikaja Songwe. Nauli yake ya chini ilitangazwa kuwa shilingi 32,000 kabla ya kodi na tozo. Safari ya kutwa ikawa ya saa moja na kitu.

Je, unafuu huo ulitoka wapi? Ndege aina ya Airbus A319 zilipangwa viti 156, visivyo na daraja la wakubwa. Aliyekata tiketi mapema alilipa kidogo. Aliyechelewa alilipa zaidi. Begi kubwa lililipiwa peke yake, na chakula vilevile. Anayekwenda kumwona mgonjwa akiwa na begi dogo alifaidika. Mfanyabiashara mwenye mizigo alipaswa kupiga hesabu upya. Na msiba haungoji tiketi ya mwezi ujao.

Lakini unafuu wa namna hiyo husimama juu ya viti vilivyojaa. Ndege hula mafuta karibu yaleyale, iwe imejaa au iko nusu. Hasara ziliiandama kampuni, hata ikaziacha Airbus na kutumia Embraer zilizo ndogo zaidi. Tangu 2016, Air Tanzania nayo ikafufuliwa kwa ndege mpya. Mwishoni mwa 2018 kampuni mama ilijitoa, na Desemba mamlaka ya usafiri wa anga ikatoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kufuta leseni. Safari zikakoma.

Hata hivyo, kilichopandwa hakikung'oka. Uwanja upo, na Air Tanzania hutua hapo. Mfanyakazi aliyeruka mara moja kwa nauli aliyoimudu hawezi tena kuambiwa kwamba anga si lake. Tangu hapo swali lake ni moja tu: ni bei gani?