Wosia kwa Wajukuu Wanaobeba Jina Langu

Wajukuu zangu wapenzi,

Mtakapoisoma barua hii, panapo majaliwa, nitakuwa nimesharudi Pangani, nimeketi barazani kwangu upepo wa bahari ukinipuliza. Nimekaa nanyi Virginia miaka mitatu, mmenilea kama mfalme, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini mzee hufika siku akatamani kuzikwa karibu na waliomtangulia, na siku hiyo kwangu imefika. Mali ya kuwagawia sina. Ninalo jibu tu, la swali ambalo nilikuwa na deni nalo.

Mnaikumbuka siku tuliyokwenda Mount Vernon, nyumbani kwa George Washington, kando ya Mto Potomac. Tulipokuwa tunarudi, mdogo wenu wa mwisho aliniuliza garini: "Babu, jina letu ni letu au ni lako?" Nikamwambia, ngoja nilifikirie. Baba yenu alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mtoto alikuwa ameuliza jambo zito.

Kwetu mtu ana jina lake, kisha la baba yake, kisha la babu yake. Kila kizazi kikizaliwa, majina yanasogea hatua moja. Jina langu nilipewa na bibi yangu siku ya akika, na nilijua kwamba baada ya wajukuu litapita, kama yalivyopita ya wazee wangu. Kumbe sivyo. Baba yenu alipoondoka, hati yake ya kusafiria ilikuwa na majina mawili, lake na langu. Huko Marekani wakaliona la mwisho, wakalifanya la ukoo. Sasa limo katika vyeti vyenu vya kuzaliwa, katika daftari la shule, katika sanduku la barua mlangoni. Hata mama yenu, binti wa mtu mwingine kabisa, akienda kwa daktari wa meno anaitwa kwa jina langu. Mkijaliwa watoto wataandikwa hivyo hivyo, na wajukuu zenu pia, wakati mimi nimekwisha kuwa udongo.

Jambo hili lilinitisha. Ndipo nikaanza kusoma habari za jina jingine lililotembea katika jimbo hilo hilo kwa zaidi ya miaka 300, na nikaona nina la kuwausia.

Mwingereza aitwaye John Washington alifika Virginia mwaka 1657, meli aliyokuja nayo kama baharia ikakwama katika Mto Potomac, naye akabaki. Akaoa, akapata ardhi Westmoreland. Kitukuu chake, George, alizaliwa huko tarehe 22 Februari 1732. Baba yake alipofariki, George alikuwa na miaka 11, na katika urithi wake mlikuwa na watu kumi. Nasema watu, wajukuu zangu. Mtoto wa miaka 11 alirithi wanadamu kumi, na sheria ya nchi ikakubali.

Mwaka 1799, George Washington alikuwa amekwisha kuongoza jeshi lililoishinda Uingereza na kuwa rais wa kwanza wa Marekani. Huko Mount Vernon waliishi watumwa 317. Kati yao 123 walikuwa mali yake mwenyewe. Wengine 153 walikuwa wa urithi wa mume wa kwanza wa mkewe Martha, na hao hakuwa na uwezo wa kuwaacha huru. Waliosalia walikodiwa kutoka kwa jirani. Mwezi Julai mwaka huo aliandika wosia wake. Akaagiza mtumishi wake William Lee awe huru mara moja, apewe na dola 30 kila mwaka. Waliobaki katika wale 123 wawe huru mkewe atakapofariki. Mwezi Desemba yeye akafa. Martha hakungoja, aliwaacha huru tarehe 1 Januari 1801. Lakini watu wa pande zile mbili walikuwa wameoana kwa miaka mingi. Mume akatoka huru, mke na watoto wakabaki utumwani.

Wosia ule ulikuwa wa heri, nami siudharau. Wenzake wengi wa tabaka lake walikufa bila kumwacha huru hata mtu mmoja. Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yaliyoumia hayakuwa yake. Alitawala watu wale miaka 56, na jambo alilojua kuwa la haki akaliweka upande wa pili wa kaburi lake. Hapo nauweka usia wangu wa kwanza. Haki ya mtu iliyo mkononi mwenu mpeni mngali hai. Deni lipeni leo, msamaha ombeni leo, mfanyakazi mlipeni kabla jasho halijakauka. Wosia ni mahali pa kugawa vilivyobaki. Kutubu kuna wakati wake, na wakati huo ni mtu akiwa mzima.

Sasa tazameni lililotokea kwa jina lenyewe. George Washington hakuzaa mtoto. Jina halikupita katika damu yake hata kwa mtu mmoja. Katika sensa ya mwaka 2000 Marekani ilihesabu watu zaidi ya 163,000 wanaoitwa Washington, na tisa katika kila kumi walikuwa weusi. Baada ya utumwa kuisha, watu walioitwa Harry tu, kama kwetu tungesema Juma tu, walihitaji jina la pili mbele ya karani, mbele ya mwalimu, mbele ya kadhi wa ndoa. Wengi walilichukua hilo. Jina la rais likawa jina la wale walioitwa mali.

Nitawatajia wanne waliolibeba jina hilo. Wa kwanza aliitwa Harry. Alizaliwa Gambia karibu mwaka 1740, na George Washington akamnunua mwaka 1763. Alifanyishwa kazi ya kukausha kinamasi cha Great Dismal Swamp, kisha akapelekwa Mount Vernon. Mwaka 1771 alitoroka, akakamatwa. Mwaka 1776, bwana wake akiwa vitani akipigania uhuru wa nchi, Harry alitoroka tena, akaenda kwa Waingereza walioahidi kuwaacha huru watumwa wa waasi. Vita vilipokwisha mwaka 1783, aliandikwa katika daftari lao huko New York kwa jina la Harry Washington, mwenye miaka 43. Akapanda meli kwenda Nova Scotia. Mwaka 1792 akavuka bahari tena hadi Freetown, Sierra Leone, akarudi katika bara alilozaliwa. Na mwaka 1800, kampuni iliyotawala huko ilipowatoza walowezi kodi ya ardhi waliyoahidiwa bure, Harry alikuwa miongoni mwa walioasi, akahukumiwa kuhamishwa ng'ambo ya mto, pwani ya Bullom. Jina la mtu aliyemkimbia alikwenda nalo mpaka Afrika, na akaishi nalo kama mtu asiyekubali kuonewa.

Wa pili ni Bushrod, mwana wa ndugu yake George, aliyerithi Mount Vernon. Alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani mpaka alipofariki mwaka 1829. Damu anayo, jina analo, elimu na cheo anavyo. Mwaka 1821 aliuza watu 54 kwenda Louisiana, safari ambayo wengi hawakurudi, na familia zikakatwa vipande. Wekeni hao wawili pamoja, Harry na Bushrod, jina moja, nyumba moja, kisha niambieni nani alilipa jina heshima.

Wa tatu ni John, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1838 na kukulia mjini Fredericksburg. Mama yake, Sarah, alimfundisha herufi. Akiwa bado mtoto, mama na wadogo zake walipelekwa kukodishwa Staunton, mbali magharibi mwa jimbo, yeye akabaki peke yake. Herufi zile ndizo alizobaki nazo. Tarehe 18 Aprili 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, majeshi ya Kaskazini yalipofika ukingo wa pili wa Mto Rappahannock, John aliuvuka mto, akawa huru. Mwaka 1873 aliandika kwa mkono wake habari za maisha yake. Daftari lilikaa kwa watu zaidi ya karne nzima, likachapishwa kitabuni mwaka 2007. Nikisoma habari zake namfikiria Sarah zaidi kuliko majemadari wote. Hakuwa na cha kumwachia mwanawe, akamwachia kusoma.

Wa nne mmesoma habari zake shuleni: Booker. Alizaliwa mwaka 1856 katika shamba la James Burroughs, Franklin County. Mwaka 1861, mwenye shamba alipofariki, mali yake iliandikwa, na mtoto Booker akaandikwa ndani yake kwa thamani ya dola 400. Uhuru ulipofika, mama yake, Jane, aliwapeleka watoto Malden, katika sehemu iliyokuwa imejitenga na kuwa West Virginia. Siku ya kwanza shuleni, Booker aliwasikia wenzake wakiitika kwa majina mawili mawili, naye alikuwa na moja. Zamu yake ilipofika alisema kwa utulivu: Booker Washington. Washington lilikuwa jina la kwanza la baba yake wa kambo, Washington Ferguson.

Hapo nilikiweka kitabu chini, wajukuu zangu. Mtoto amesimama mbele ya mwalimu, jina lake likifuatiwa na jina la mwanamume wa nyumbani kwao. Ndivyo tunavyoitana Pangani. Ndivyo mlivyopata lenu. Mwaka 1872 mtoto huyo alirudi Virginia, sehemu kubwa ya njia kwa miguu, akalala chini ya njia ya mbao mjini Richmond kwa kukosa pesa, mpaka akafika shule ya Hampton. Mtihani wake wa kuingia ulikuwa kufagia chumba. Alikifagia mara tatu. Mwaka 1881 alikwenda Alabama kuiongoza shule mpya ya Tuskegee. Misimamo yake ya siasa ilipingwa na wenzake, na mkikua mtaupima upinzani huo wenyewe. Ninachowataka mkishike ni ule ufagio.

Nilizoea kuwaambia: mwacha asili ni mtumwa. Sasa methali hiyo naitamka kwa hadhari. Watu hawa hawakuiacha asili yao, walinyang'anywa. Na sisi wa Pangani tusijitoe katika habari hii. Misafara kutoka bara iliteremkia mji wetu, watu wakapakiwa majahazini kupelekwa Unguja na Pemba, na wengine wakafia katika mashamba ya miwa ya hapo hapo. Walivuliwa majina ya mama zao wakaitwa Mabruki, wakaitwa Feruzi. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini kupiga marufuku biashara ile baharini. Tanganyika utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1922, wakati babu yangu tayari ni kijana. Mkija, niulizeni ni nani katika mtaa wetu walioingizwa katika koo za mabwana. Nitawaambia, maana kulificha jambo hili ni kuwazika watu mara ya pili.

Basi shikeni haya mengine.

Msijivune kwa jina, wala msilionee haya. Mwalimu akishindwa kulitamka, mfundisheni taratibu, mara ya pili na ya tatu, kwa adabu. Msilikate ili kumpunguzia kazi.

Mkimpima mtu mkubwa, msiishie kwenye sanamu lake. Ulizeni waliokuwa chini ya mkono wake waliishije. Ulizeni hivyo juu ya George Washington, juu ya masultani wetu, na juu yangu pia. Nilifundisha miaka 34, na wapo niliowachapa kwa hasira zangu mwenyewe. Nimewaomba radhi niliowapata.

Na andikeni majina. Mount Vernon tuliliona kaburi la bwana limejengwa vizuri, jina limechongwa katika marumaru. Hatua chache kutoka hapo, msituni, wamelala watumwa wake. Kuna jiwe la kumbukumbu la mwaka 1929 na jingine la mwaka 1983, lakini makaburi yenyewe hayana majina. Ndani ya bahasha hii nimeweka daftari. Nimeandika wazee wenu kwa kadiri ninavyowajua, na nimeanza na wanawake, kwa sababu hao ndio wanaosahaulika kwanza tunapohesabu kwa upande wa baba. Kurasa zilizobaki ni zenu.

Sasa mwambieni mdogo wenu jibu lake. Jina lilikuwa langu mpaka siku baba yenu alipoandikwa kwalo ugenini. Tangu siku hiyo ni lenu, na mimi sina tena uwezo wa kulisafisha wala kulichafua. Lichukueni kama amana. Atakayeandikwa kwalo baada yenu asikute juu yake haki ya mtu isiyolipwa.

Wakatabahu,
Babu yenu